Katibu wa kamati ya polisi jamii anauliza: sisi ni nani hasa pale kituoni?

Swali hili limetoka kwa dada mmoja wa Eastlands, Nairobi. Nimelifupisha kidogo, na nimeondoa jina la mtaa na la kituo.

"Afande, salamu. Miezi minane iliyopita nilichaguliwa katibu wa kamati ya polisi jamii katika kituo chetu. Nilikubali kwa sababu mwanangu aliporwa simu mara mbili akienda shule. Lakini mpaka leo tunaitwa tu mkubwa akija kukagua, ama gari la kituo likikosa mafuta. Mkutano uliopita OCS (mkuu wa kituo) aliongea dakika arobaini, sisi tukapiga makofi tukaenda nyumbani. Watu wa mtaa wameanza kutuita mainforma. Vijana wanazolewa kila Ijumaa usiku, na wazazi wanakuja kunigongea mlango saa saba za usiku. Sasa OCS anataka nimpe jina la mama anayeuza mandazi pale steji, kwa sababu niliropokwa kwamba kuna mtu huona kila kitu alfajiri. Sisi ni nani hasa, na tuna nguvu gani?"

Dada katibu, nianze na hilo la mwisho kwa sababu huenda ukaulizwa tena kesho asubuhi: usitoe jina la huyo mama. Sababu nitakupa mwishoni, maana lazima kwanza tuelewane kamati yenyewe ni kitu gani.

Mimi nilivaa sare miaka 26. Tisa ya mwisho nilikaa kwenye dawati la polisi jamii katika vituo vitatu vya jiji hili, na tangu nistaafu nimekuwa nikifundisha kamati kama yenu. Nimekaa upande wa OCS wa ile meza, na nimekaa upande wenu. Unayoyalalamikia nimeyasikia karibu katika kila kamati niliyokutana nayo, kwa hiyo usidhani ni ninyi peke yenu mlioshindwa.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba kamati yenu si fadhila ya OCS. Katiba ya 2010, ibara ya 244, inaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi ikuze uhusiano wake na jamii, tena katika orodha ile ile inayotaja kuzuia ufisadi na kuheshimu haki za binadamu. Kisha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ikatenga vifungu vya 96 hadi 100 kwa polisi jamii. Kifungu cha 96 kitafute ukisome mwenyewe, si kirefu. Kinataja ushirikiano, mawasiliano, huduma bora, uwazi wa polisi na kuwajibika kwao kwa jamii, na polisi na wananchi kutambua matatizo na kuyatatua pamoja. Ukikisoma mpaka mwisho hutakuta mahali kinaposema kwamba kazi ya mwananchi ni kupeleka majina kituoni.

Kosa la kuwaona kama mainforma lilianza mapema, na sisi wenye sare tulichangia. Rais Mwai Kibaki alipozindua polisi jamii pale Ruai mwaka 2005, wengi wetu tulilielewa jambo hilo hivi: sasa raia watatuletea habari. Hatukuwa tumezoea raia akae kitini atuulize swali na asubiri jibu. Zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ikaja tume ya Jaji Waki iliyozichunguza, likaja jopo la Jaji Ransley la kurekebisha polisi mwaka 2009, na kote huko mambo yaliyosemwa juu yetu yalikuwa mazito. Katiba mpya ilikuja kujaribu kuziba ufa huo. Lakini sheria ikibadilika kwenye karatasi, mtu aliyefundishwa zamani bado yuko kaunta, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kisha kukatokea mkanganyiko wa Nyumba Kumi. Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, serikali ilianzisha mpango huo kwa kuiga Tanzania, majirani wajuane na wajue nani amehamia. Ni jambo jema, lakini Nyumba Kumi inapitia kwa mzee wa mtaa na chifu, yaani upande wa utawala, hadi kwa DCC, naibu kamishna wa kaunti. Kamati yenu imekaa kwenye kituo cha polisi. Na ile kamati ya usalama anayoiongoza DCC ni ya maafisa wa serikali, wala msisubiri kualikwa. Nakueleza haya kwa sababu nimeona mwenyekiti wa Nyumba Kumi na mwenyekiti wa kamati wakigombania kiti cha mbele barazani, na lile lililowaleta watu pale likasahaulika. Mtu mmoja anaweza kuwa kote kuwili. Ajue tu leo amekuja kwa kazi ipi.

Nguvu msizo nazo nitazipitia haraka. Ibara ya 245 inakataza mtu yeyote, waziri akiwemo, kumwamuru Inspekta Jenerali juu ya uchunguzi wa kosa fulani au juu ya nani atumiwe sheria. Ikiwa waziri hawezi, kamati ya mtaa haiwezi kumwambia OCS amkamate huyu na amwachilie yule. Pia hamna mamlaka ya kukamata kuliko jirani yeyote. Sheria ya mwenendo wa jinai humruhusu raia kumkamata anayemwona kwa macho yake akitenda kosa kubwa, mradi amfikishe kwa polisi bila kuchelewa. Haki hiyo ni ya kila mtu, na kadi ya kamati haiongezi hata nukta. Mjumbe akianza kutembea usiku na rungu na kupekua vijana mifukoni, mtoeni mapema. Nimeona doria ya namna hiyo ikigeuka genge lenye baraka za kituo, na kulivunja kulitusumbua kuliko wezi wenyewe.

Sasa tuje kwenye nguvu mliyo nayo. Kamati zote nilizoona zikifanya kazi zilikuwa na tabia moja: zilileta mezani mahali na saa, hazikuleta watu.

Nikupe mfano niliouona mwenyewe. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi kulikuwa na kichochoro kinachotoka kwenye fleti kwenda barabarani. Wanawake wa mitumba walikuwa wakikipita alfajiri kuwahi marobota Gikomba, na vijana walikuwa wakiwasubiri humo. Katika mkutano wa kamati OCS wetu alifungua OB, kitabu cha matukio cha kituo, akasema haioni shida hiyo. Na kweli OB haikuiona. Mtu akiporwa simu saa kumi na moja alfajiri, na biashara yake inamngoja, haji kituoni kupanga foleni. Atakuja baada ya siku tatu kuchukua abstrakti, ile hati ya polisi ya kurudishiwa laini, na wakati huo karani ataandika "simu imepotea". Kitabu chetu kilikuwa kimejaa simu zilizopotea.

Katibu wa kamati ile alikuwa mwalimu wa nasari. Hakubishana na OCS. Alinunua daftari la shilingi ishirini, akasimama steji asubuhi kadhaa kabla ya kwenda kazini, akiwauliza wanawake wenzake mambo matatu tu: wapi, saa ngapi, kimechukuliwa nini. Jina hakuuliza la yeyote, la aliyeporwa wala la aliyepora. Mkutano uliofuata aliweka daftari mezani. Mistari ilipita kumi, na karibu yote ilikuwa kati ya saa kumi na robo tatu na saa kumi na moja u nusu, pale penye transfoma, chini ya taa ya mulika mwizi iliyokufa.

Mimi ndiye niliyekuwa na ratiba ya doria mkononi. Doria yetu ya usiku ilikuwa ikirudi kituoni saa kumi kuandika kitabu na kungoja zamu ibadilishwe saa kumi na mbili. Saa ile ile wanawake wakiporwa, askari wetu walikuwa kwenye benchi wakinywa chai. Hakuna mtu aliyetutukana. Mwalimu alisoma mistari yake, akaketi. OCS alinyamaza kwa muda, kisha akamwita sajini wa zamu pale pale.

Doria ikasogezwa. Watu wa bodaboda wakakubali steji yao ya alfajiri iwe kwenye mdomo wa kichochoro, na wao wenyewe walifurahi kwa sababu abiria walikuwa pale. Taa ilichukua miezi, na barua mbili za kamati kwa mwakilishi wa wadi zenye muhuri wa kupokelewa. Hatukumkamata mtu yeyote mwezi ule wa kwanza, na uporaji pale penye transfoma ulipungua mpaka mwalimu akakaa siku nyingi bila mstari mpya. Wezi wengine walihamia barabara ya pili, sitakudanganya. Tuliwafuata kwa daftari lile lile.

Ninapenda sana mfano huu kwa sababu unaonyesha kitu ambacho polisi hawawezi kukipata kwa njia nyingine yoyote. Informa huleta jina, na jina moja hutupa mtu mmoja, mara nyingine si yeye. Kamati huleta picha ya mahali, na kwa picha hiyo OCS hujua askari wake wachache awapeleke wapi. Na kila aliyesoma lile daftari aliona kwamba sisi pia tulikuwa sehemu ya tatizo. Uwajibikaji unaotajwa na kifungu cha 96 ndio huo.

Kwa hiyo mkutano wenu ujao ubadilisheni hivi. Wewe ni katibu, ajenda ni yako na mwenyekiti, na mwenyekiti huwa raia. Mpelekee OCS ajenda siku tatu kabla, kwa heshima, kwa mkono, na umwombe maoni yake. Ajenda ya kwanza iwe majibu ya polisi juu ya yale mliyokubaliana mkutano uliopita. Hotuba yake iwekeni mwisho, ataitoa akiwa ameshasikia. Tatizo moja kwa mkutano linatosha, mawili yakizidi. Kamati inayoleta matatizo kumi inapata ahadi kumi.

Kumbukumbu ziandike fupi kiasi kwamba askari anaweza kuzisoma akiwa amesimama. Mstari mmoja wa mwalimu wangu ulikuwa hivi: "Kichochoro cha transfoma. Doria iwe hapo kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Atakayehakikisha: naibu wa OCS. Jibu: mkutano wa tarehe 14." Basi. Hakuna "ilisisitizwa kwamba usalama ni jukumu la kila mmoja." Toa nakala tatu: moja faili ya kamati, moja kwa OCS apige muhuri wa kupokea, moja kwa mkuu wa polisi wa kaunti ndogo, ambaye sote bado tunamwita OCPD. Nakala hiyo ya tatu si ya kuchongea. Ipeleke kila mara, hata mwezi ambao kituo kimefanya vizuri, na hasa mwezi huo. OCPD akizoea kusoma mema ya kituo kutoka kwenu, atawaamini siku mtakapoandika mabaya.

Mkitaka takwimu, ziombeni kwa mdomo kwanza. OCS wengi watawapa jumla za mwezi bila shida, na si lazima zitaje mtu. Akikataa mara ya pili, andikeni barua mkitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotaka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Lakini usianze na sheria. Ukiingia ofisini kwa mtu na kifungu mkononi, atakujibu kwa kifungu.

Sasa mafuta. Acheni kuchanga, dada yangu. Najua gari la kituo hukaa bila mafuta, nimewahi kusukuma Land Cruiser mimi mwenyewe. Najua pia askari wenu hawana raha. Tangu 2018 wengi wameambiwa wapange nyumba mitaani kama ninyi, na kodi inawaumiza kama inavyowaumiza. Lakini doria iliyowekewa mafuta na mwenye supamaketi itapita mbele ya supamaketi, na mama wa kibanda atabaki gizani. Baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka kwamba ulikuwa mchango, itakuwa ada. Badala yake andikeni barua ya kamati kwa OCPD: gari la kituo lilisimama siku kadhaa mwezi huu, tarehe ni hizi, na haya ndiyo matukio ambayo polisi walichelewa kufika. OCS hawezi kulalamika juu kwa sauti hiyo bila kuonekana mkaidi. Ninyi mnaweza. Nimeona OCS akishukuru kwa barua kama hiyo kuliko alivyowahi kushukuru kwa lita ishirini.

Tuje kwa vijana wa Ijumaa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kamati hupata heshima ya mtaa au huipoteza kabisa.

Mzazi akikugongea saa saba usiku, usiende naye kituoni kumtoa mtoto. Nasema hivi nikijua moyo wako unataka kwenda. Ukienda mara moja na akatoka, kesho wewe ni dalali. Keshokutwa kuna mjumbe mwenzako atakayeomba elfu mbili "ya kuzungumza na wakubwa", atakula nusu, na jina litakalochafuka ni la kamati nzima. Mwambie mzazi mambo ya kuuliza akifika kaunta: mwanangu ameshtakiwa kosa gani, ameandikwa kwenye OB kwa nambari gani, afisa aliyemkamata anaitwa nani. Aandike majibu. Akumbuke ibara ya 49: aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, kuwasiliana na wakili na mtu mwingine, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, ama korti ikiwa imefungwa, siku ya korti inayofuata. Ibara hiyo hiyo inasema kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, ama kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hawekwi rumande kwa ajili yake. Na akiwa mtoto, ibara ya 53 inataka atengwe na watu wazima, na kuzuiliwa kwake kuwe hatua ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo. Mama akiyajua haya anaongea tofauti pale kaunta. Nimelisikia hilo nikiwa upande wa ndani wa kaunta.

Hayo ni ya usiku. Ya mchana ni yenu. Leteni msako mezani kama mlivyoleta kichochoro: Ijumaa nne zilizopita, vijana wangapi waliingia seli, wangapi walifika kortini Jumatatu, wangapi waliachiliwa bila shtaka. Usiulize kwa nini fulani alikamatwa. Uliza hesabu. Ikiwa wanaingia wengi kila Ijumaa na kortini hafiki mtu, kila aliye mezani ataelewa kinachoendelea bila wewe kutamka neno hongo. Nimeketi katika mkutano ambapo swali hilo liliulizwa na mzee wa kanisa kwa sauti ya upole kabisa. Ijumaa iliyofuata seli zilikuwa na nafasi.

Hakikisheni pia kwamba vijana wenyewe wamo kwenye kamati. Simaanishi mtoto wa mchungaji peke yake. Namaanisha yule wa base, yaani kijiweni, wa kuosha magari, wa bodaboda, anayekamatwa hasa. Mwanzoni hataongea. Mpe mikutano mitatu. OCS akisema kijana huyo "ana rekodi", muulize ni hukumu ya korti gani. Kama hakuna, abaki.

Kuna jambo moja ambalo halipiti mezani kwenu hata kidogo. Kijana akipigwa na polisi akaumia vibaya, ama akauawa, hilo si la kamati kupatanisha. Nimeona kamati ikitumwa kwa familia na mfuko wa rambirambi na maneno ya "tuelewane", na nakuomba kamati yako isikubali kutumwa hivyo. Familia iende hospitali, ipige picha majeraha, iandike saa na mahali, na ipige ripoti kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, nambari 1559, bila malipo. Sheria inawataka polisi wenyewe kuijulisha IPOA kunapotokea kifo au jeraha baya mikononi mwao, lakini familia isingoje wao. Kuna pia kitengo cha masuala ya ndani cha polisi. Huku kwetu Eastlands kuna vituo vya haki za kijamii, kama kile cha Mathare, cha Kayole na cha Dandora, vilivyofuatilia kesi hizi kwa miaka. Jueni mlango wao ulipo. Waalikeni mkutanoni, hata kama OCS atakunja uso. Nilikuwa nikikunja mimi pia, kabla sijawasikiliza.

Grupu ya WhatsApp ya usalama wa mtaa, ambayo najua mnayo, iwe na sheria moja: picha ya mtu haipandishwi. Picha ikiandikwa "huyu ni mwizi" inafika kwa watu elfu kabla ya mtu mmoja kuuliza kama ni kweli, na mtaani kwetu tunajua umati na tairi vinavyomaliza hadithi hiyo. Juu ya hayo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwenye grupu ataulizwa. Kwenye grupu andikeni mahali na saa, kama kwenye daftari.

OCS wenu atahamishwa. Hilo lijue tangu leo, maana nimeona kamati nzuri zikifa siku ya barua ya uhamisho. Aliyeahidi ameondoka, aliyekuja hajui lolote, mnaanza upya kwa kupiga makofi. Faili yenye muhuri ndiyo itakayozungumza na mgeni. Wiki yake ya kwanza mwombeni nusu saa, mpelekeeni kumbukumbu za mikutano mitatu ya mwisho, mwonyesheni mstari ambao bado haujajibiwa.

Na juu yenu kuna ngazi ambayo wanakamati wengi hawaijui. Kifungu cha 41 cha sheria ile ya 2011 kinataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, mwenyekiti akiwa gavana ama mtu aliyemteua. Ndani yake wamo wakuu wa polisi wa kaunti, wajumbe wawili kutoka bunge la kaunti, na wakazi wanaowakilisha biashara, wanawake, vijana, dini, watu wenye mahitaji maalum na mashirika ya kijamii. Kazi yake mojawapo ni kupokea ripoti za kamati kama yenu. Kwa miaka mingi jambo hili lilikwama kwenye mvutano kati ya magavana na serikali kuu, na likiendelea kukwama ripoti za kamati zinakosa pa kupanda. Mwakilishi wenu wa wadi akija kuomba kura, ama akija matangani, muulizeni ripoti zenu zinasomwa na nani pale City Hall. Muulizeni kila akija.

Sasa nirudi kwa mama wa mandazi.

Zamani kidogo, nikiwa kwenye lile dawati, mjumbe wa kamati alininong'oneza kwamba soja fulani wa fleti alikuwa amewaona vijana waliovunja duka. Niliandika jina la soja kwenye kijitabu changu. Jioni, kwa nia njema kabisa, niliwaambia askari wa zamu wamtembelee. Walikuwa wanne. Sikujua, na mpaka leo sijui, ni nani kati yetu aliyelipeleka jina lile kwa wale vijana. Wiki haikwisha. Soja alikuja kituoni asubuhi, godoro lake likiwa juu ya mkokoteni nje ya lango, anahama. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Afande, wewe ulimwambia nani?" Nilifungua mdomo nikakosa neno. Yule mjumbe hakurudi kwenye kamati, na sikuwa na uso wa kumwomba arudi.

OCS wako huenda ni mtu mwema, na huenda hana nia mbaya na huyo mama. Mimi pia sikuwa nayo. Lakini jina likishaingia kituoni haliko tena mikononi mwa mtu mmoja. Mwambie OCS hivi: "Afande, mahali ni hapa, saa ni hizi, nitakuletea zaidi mwisho wa wiki. Jina silo la kwangu kutoa." Kama kesi inahitaji shahidi, kuna wapelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kuna Shirika la Kuwalinda Mashahidi, na kuna mama mwenyewe wa kuamua. Akitaka kusema bila kujulikana, DCI wana laini ya bure, 0800 722 203, na huko haulizwi yeye ni nani. Kazi yako ni kumpa nambari hiyo, kisha uamuzi umwachie.

Kesho ukipita steji, nunua mandazi yako kama kila siku. Akiwa peke yake, mwambie kwamba ameuliziwa na kwamba jina lake halijatoka kinywani mwako, ajue, ajilinde. Na lile daftari, tangu leo, usilifungue ukiwa umesimama mbele ya meza yake.